Je, alerji ndiyo imezaa sinizite yangu?

Mama mmoja fundi wa cherehani hapa Goma ameniuliza hivi: «Dokta, jambo. Nina miaka 36. Huu ni mwaka wa tatu pua yangu haitulii. Asubuhi nikiamka napiga chafya mfululizo, pua inawasha, macho yanatoa machozi. Mchana pua inaziba, mashavu yanakuwa mazito, makamasi mazito yanashuka kooni. Tangu mwaka jana sisikii harufu. Sambaza, wale samaki wadogo, zikikaangwa jikoni, mimi sina habari. Kwenye farmasi wamenipa antibiotiki mara nyingi. Napata nafuu siku chache, kisha inarudi. Daktari mmoja alisema ni alerji, mwingine akasema ni sinizite. Nilikwenda Bukavu kwenye arusi, wiki mbili, chafya zikapungua sana lakini harufu haikurudi. Je, alerji ndiyo imezaa sinizite? Dada yangu anasema nipasuliwe tu, yaishe.»

Jambo mama. Madaktari wako wawili huenda wote wamesema kweli. Ukisoma tena ulichoandika, utaona kuna magonjwa mawili ndani yake. Chafya za mfululizo, kuwashwa, machozi na makamasi mepesi kama maji ni dalili za mzio, yaani hiyo alerji. Kuziba kwa muda mrefu, uzito wa mashavu, makamasi mazito yanayoshuka kooni na harufu kupotea ni dalili za sainasi zilizovimba, yaani hiyo sinizite. Mimi huangalia sana kuwashwa: sinizite peke yake haiwashi. Mgonjwa anayesugua pua kwa kiganja huku anazungumza nami, namwandikia mzio kabla hata hajamaliza kueleza. Lakini mzio peke yake si kawaida kuondoa harufu mwaka mzima.

Sinizite huitwa ya kudumu ikipita wiki 12 bila kupona kabisa. Ziwepo dalili mbili au zaidi, moja kati yake iwe pua kuziba au makamasi, na daktari athibitishe kwa kuchungulia ndani ya pua kwa kamera nyembamba au kwa picha ya skana. Kwa wiki umekwisha kuzipita zamani. Kilichobaki ni mtu wa kuchungulia, na kwa maelezo yako naona hilo halijafanyika bado.

Sasa swali lenyewe. Jibu fupi: mzio unaweza kuichochea sinizite na kuifanya iwe ngumu kutibika, lakini mara nyingi si wenyewe ulioizaa, na ukitibu mzio peke yake sinizite haiondoki. Watu wengi wanaishi na vyote viwili kwa sababu vinakaa kwenye ngozi moja laini ya ndani ya pua.

Nieleze kidogo. Sainasi ni vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso, vya aina nne: mashavuni, kwenye paji, katikati ya macho, na nyuma kabisa chini ya ubongo. Vyote hutengeneza kamasi, na vinyweleo visivyoonekana kwa macho huisukuma hadi kwenye kitundu cha kutokea puani. Chumba cha shavu kina kitundu chake juu, karibu na jicho, kwa hiyo kamasi yake inapandishwa mlima saa zote, usiku na mchana. Kitundu hicho ni cha milimita chache tu. Ngozi ikivimba kidogo, njia inafungwa.

Mzio nao unafanya kazi hivi. Mwili umezoea vibaya kitu kisicho na madhara, kwa mfano kinyesi cha utitiri wa vumbi, na umekitengenezea kingamwili inayoitwa IgE. Ukikivuta tena, ndani ya dakika chache seli za pua zinamwaga histamini: hapo ndipo chafya na kuwashwa. Saa kadhaa baadaye zinafika seli nyingine, eosinofili, ambazo hazina haraka ya kuondoka, na ndizo zinazoacha pua imevimba hata baada ya chafya kwisha.

Kwa hiyo madaktari wa zamani walifikiri kwa njia rahisi: mzio unavimbisha, kitundu kinazibika, kamasi inasimama kama maji kwenye mfereji uliojaa takataka, bakteria wanaota, sinizite hiyo. Ni maelezo mazuri na bado yanafundishwa. Tatizo ni kwamba wagonjwa hawayafuati. Kuna watu wengi wenye mzio mkali ambao sainasi zao ni safi, na kuna watu wengi wenye sinizite ya kudumu ambao vipimo vyote vya mzio vinatoka bila kitu. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2020 kuhusu sinizite, ambao madaktari wa pua wanautumia sana, unauona ugonjwa huu kwanza kama uvimbe wa kudumu wa ngozi yenyewe, wenye aina kadhaa, na uzito wa mzio unatofautiana aina kwa aina. Kuna aina ambapo uvimbe umekaa katikati ya pua tu, na hapo mzio karibu daima upo. Kuna nyingine ambapo mwili unachukia kuvu walioko ndani ya sainasi. Kuna ile ya nyama za puani, yaani vinyama laini vinavyoota kwenye ngozi iliyovimba, ambayo eosinofili zimejaa tele lakini mzio unaweza kuwepo au usiwepo. Harufu yako iliyopotea inanifanya niwaze hizo nyama za puani. Siwezi kuziona kutoka hapa.

Tuje Goma yetu. Watu hapa wanaita kila kitu alerji ya vumbi, na sipendi, kwa sababu vumbi la barabara na vumbi la nyumbani ni vitu viwili. Vumbi jeusi la mawe ya volkano linalotimka pikipiki zikipita, moshi wa makala, na gesi ya dioksidi ya salfa inayotoka kwenye volkano zetu za Nyiragongo na Nyamulagira vinachoma pua. Vinaichubua, vinaivimbisha, vinalemaza vile vinyweleo nilivyovitaja, lakini havina uhusiano na IgE. Waliokuwa hapa baada ya mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021 wanakumbuka majivu yaliyoanguka mjini na pua zilizochoma. Haikuwa kwamba mji mzima umepata mzio kwa siku moja. Mtu ambaye pua yake imechomwa na moshi akimeza setirizini, kidonge cha mzio, haimsaidii, kisha anasema dawa ni feki.

Vumbi la nyumbani ndilo lenye mzio. Ndani yake kuna utitiri, wadudu wadogo wasioonekana wanaokula magamba ya ngozi yetu na kuishi kwenye godoro, mto na blanketi. Wanapenda unyevu. Mende nao, vipande vya miili yao na kinyesi chao, ni mzio mkubwa wa nyumba za mijini. Halafu kuvu wa ukutani mvua zikishika.

Hapo ndipo safari yako ya Bukavu inanivutia. Bukavu ina unyevu mwingi, na magodoro ya huko hayana utitiri haba. Kama mzio wako ungekuwa wa godoro peke yake, nisingetegemea chafya zipungue huko. Umepumzika na nini, basi? Na cherehani, na vitambaa, na pasi. Sijui kama unatumia pasi ya makala, lakini mafundi wengi wa hapa wanaitumia, na nimekaa kwenye vibanda vyao vya kutosha: pasi inafunguliwa, inapulizwa kwa mdomo ili makala yawake, majivu yanaruka yanarudi usoni, kisha fundi anainama juu ya kitenge chenye dawa ya kiwandani kinachotoa mvuke. Saa nzima pua iko kiganja kimoja kutoka kwenye pasi. Angalia Jumapili na siku za kazi zinatofautianaje, uandike kwenye daftari kwa mwezi mmoja. Hiyo itatufundisha kuliko vipimo vingi vya damu.

Na harufu kutorudi Bukavu kunaendana na nilichosema mwanzo: kichochezi kimeondoka, chafya zimepungua, lakini ugonjwa wa sainasi umebaki palepale. Yaelekea una vyote viwili, na kila kimoja kinataka dawa yake.

Kuhusu antibiotiki, nitasema wazi. Sinizite ya kudumu kwa kawaida si ugonjwa wa bakteria wanaosubiri kuuawa. Makamasi ya kijani si ushahidi. Rangi hiyo inatoka kwenye seli zako nyeupe za damu, na hata mafua ya virusi yanaitoa. Antibiotiki zina nafasi pale mtu amepata shambulio jipya, homa, maumivu makali upande mmoja, usaha, au mafua yaliyokuwa yanapona yakageuka ghafla kuwa mabaya. Lakini wewe unasema unapata nafuu siku chache, na siwezi kuipuuza. Niambie: kwenye mfuko wa farmasi hapakuwa na kidonge kingine kidogo pembeni? Mara nyingi kipo, kortizoni, dawa kali ya kushusha uvimbe, pengine imechanganywa na dawa ya mzio ndani ya kidonge kimoja. Hiyo ndiyo inayofungua pua na kurudisha harufu kwa siku nne tano, na antibiotiki inapewa sifa isiyo yake.

Kortizoni ya vidonge si dawa mbaya. Daktari anaweza kumpa mtu mwenye nyama za puani kwa siku chache, akijua anachofanya. Kuinunua kila mwezi bila mtu kukuangalia ni jambo lingine: sukari inapanda, presha inapanda, mifupa inadhoofika, na kwa nchi kama yetu kuna mnyoo uitwao strongiloidesi ambao unaweza kukaa kimya tumboni miaka mingi, kisha kortizoni ikashusha kinga nao ukasambaa mwili mzima. Watu wanakufa hivyo. Sindano za kortizoni za «kukaa miezi mitatu» pia zikatae.

Matone ya kufungua pua nayo, yale ya silometazolini na ndugu zake, usipitishe siku 5. Ukizidisha, pua inazoea, na matone yenyewe yanakuwa sababu ya kuziba. Nina wagonjwa wanaotembea na kichupa mfukoni kama simu.

Basi ufanye nini? Kitu cha kwanza ni maji ya chumvi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu wanayadharau kwa vile hayana bei. Chukua lita moja ya maji, uyachemshe yatokote kabisa dakika tatu, yaache yapoe yawe vuguvugu. Tia kijiko cha chai kimoja na nusu cha chumvi, vijiko vya kusawazishwa, na nusu kijiko cha bikaboneti (soda ya kupikia) ili yasichome. Chumvi yetu ina madini ya joto, inaweza kuwasha kidogo, haidhuru. Nunua bomba la sindano la mililita 20 au zaidi, sindano yenyewe utupe, au tumia mpira wa kukamua. Inama juu ya beseni, kichwa mbele na kiegemee upande, fungua mdomo, sema «aaa» polepole, kisha sukuma maji puani taratibu yatokee tundu la pili. Nusu glasi kila upande, ukiongeza kadiri unavyozoea. Usivute kwa nguvu. Ukimaliza penga bila kukaza. Mara moja kila jioni inatosha kwa kuanza. Siku za vumbi jingi, asubuhi pia. Yaliyobaki umwage baada ya siku moja, na chombo ukioshe kikauke.

Maji ya ziwa, ya bidoni au ya bomba usiyatie puani bila kuchemsha, hata kama yametiwa klorini na unayanywa. Tumbo lina asidi ya kuua vijidudu, pua haina. Kuna amiba wanaopita puani kwenda kwenye ubongo. Ni nadra mno, lakini hakuna anayepona kirahisi.

Cha pili ni kortizoni ya kupuliza puani: beklometazoni, budesonidi, flutikazoni, yoyote utakayoipata kwa bei unayoweza kuilipa kila mwezi. Hii si sawa na vidonge. Kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana. Inatibu mzio na sinizite kwa pamoja, ndiyo maana naitanguliza. Wengi wanaiacha baada ya siku tatu wakisema haifanyi kitu, na kweli siku tatu hazitoshi. Mzio utaona tofauti ndani ya wiki mbili. Sinizite ipe wiki 8 hadi 12. Pulizia baada ya kuosha pua, pua ikiwa imekauka kidogo. Shika kichupa kwa mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, na wa kushoto kwa la kulia, ncha ielekee upande wa sikio, si kwenye ukuta wa katikati. Ukuta ule ukipulizwa kila siku unatoka damu. Usivute kwa nguvu, la sivyo unaimeza.

Cha tatu ni kidonge cha mzio, setirizini au loratadini, kwa ajili ya chafya na kuwashwa tu. Kwa kuziba na harufu haina maana kubwa. Klorfeniramini ya bei nafuu inaleta usingizi. Mtu anayesukuma kitambaa chini ya sindano ya cherehani asiimeze mchana.

Nyumbani, niulize swali la fundi: mifuko ya vipande vya vitambaa inalala wapi? Mafundi wengi wanaihifadhi chini ya kitanda. Itoe. Godoro lifunikwe kwa plastiki au kitambaa kizito kilichoshonwa pande zote (hiyo kwako ni kazi ya saa moja), mashuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto sana, blanketi lianikwe juani na kukung'utwa na mtu mwingine. Kibandani futa kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia, pasi iwashwe nje na majivu yamwagwe nje. Mbabula, jiko la makala, usiiwashe ndani ya chumba cha kulala hata kwa baridi ya usiku. Hapo siongelei pua tena, gesi yake inaua.

Vipimo. Kile cha kuchoma ngozi kwa matone ya vitu mbalimbali ndicho bora kwa mzio, ukikipata. Uache setirizini wiki moja kabla, la sivyo kitadanganya. Ukiletewa karatasi ya damu yenye «IgE ya jumla imepanda», usikubali kwamba hiyo peke yake ni mzio. Minyoo inaipandisha vilevile, na nani kati yetu hajawahi kuwa na minyoo? Picha ya radio (eksirei) ya sainasi nayo ni pesa iliyopotea kwa sinizite ya kudumu. Kinachofaa ni skana, nayo baada ya dawa kushindwa, kwa sababu hata watu wazima wa afya huonekana na ngozi nene kidogo ndani.

Mambo mawili ya haraka ambayo hujayataja. Kama uchafu na harufu mbaya viko upande mmoja tu, daktari wa meno aangalie meno ya juu ya nyuma. Mizizi yake inagusa sakafu ya sainasi ya shavu, na jino bovu linaleta sinizite ambayo dawa ya pua haiigusi. Na kama kinachokusumbua zaidi ni kichwa kinachogonga, mwanga unakera na moyo unachafuka, huenda ni kipandauso. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2004 uliwachukua watu karibu 3,000 waliojiita wagonjwa wa kichwa cha sinizite, na asilimia 88 wakakutwa na maumivu ya aina ya kipandauso.

Jicho likivimba au likianza kuona vitu viwili viwili, paji likivimba, homa ikija na shingo kukakamaa, usisubiri dawa ya kupuliza ifanye kazi. Hospitali, siku hiyohiyo. Damu inayotoka mara kwa mara tundu moja tu, pia nenda, ingawa si kwa kukimbia.

Kuhusu dada yako. Upasuaji upo na unasaidia watu wengi: daktari anaingia na kamera kupitia tundu la pua, anapanua vile vitundu na kuondoa nyama. Hauondoi mzio, wala ile tabia ya ngozi ya kuvimba. Faida yake kubwa ni kwamba maji ya chumvi na dawa ya kupuliza sasa vinafika ndani. Aliyepasuliwa akaacha kuosha pua, nyama zinaota tena, kisha mtaa mzima unasema operesheni ya pua haina maana. Fanya kwanza miezi mitatu ya dawa kwa uaminifu, kisha umwone daktari wa masikio, pua na koo, yule wa ORL, akuchungulie kwa kamera. Ukifika mwambie mambo matatu ambayo hakuna atakayeyajua usipoyasema: kama una pumu au kifua kinachobana usiku, kama aspirini au ibuprofeni iliwahi kukubana pumzi, na vidonge vyote vya kortizoni ulivyowahi kumeza. Pumu, nyama za puani na kukataa aspirini vikikutana kwa mtu mmoja ni ugonjwa wenye njia yake ya matibabu, na mtu huyo hata kidonge cha kawaida cha maumivu baada ya kupasuliwa kinaweza kumpeleka kwenye oksijeni.